Upande wa Mama: Kuufuata Ukoo wa Bunch Hadi Virginia ya 1640

Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa urais wa Marekani Novemba 4, 2008, Rais Mwai Kibaki alitangaza Alhamisi ya wiki ile kuwa siku ya mapumziko Kenya nzima. Kogelo, kijiji cha Siaya ambacho wengi wetu hatukuwa tukikijua, kilijaa kamera kutoka kila pembe ya dunia. Nasaba ikahesabiwa: Barack mwana wa Barack, mwana wa Hussein Onyango, mwana wa Obama, mwana wa Opiyo, na kuendelea kurudi nyuma. Upande wa mama haukuhesabiwa. Mama alikuwa Mzungu wa Kansas, na maneno yakaishia hapo.

Miaka minne baadaye, Julai 30, 2012, kampuni ya nasaba ya Ancestry.com ilitoa ripoti ambayo huku kwetu ilipita karibu kimya. Watafiti wake walisema kwamba katika damu ya Obama yumo pia Mwafrika aliyetumikishwa Marekani karne nne zilizopita, na kwamba yumo kupitia kwa mama, yule yule Mzungu wa Kansas. Jina lake ni John Punch. Mwaka 1640 mahakama ya Virginia ilimhukumu amtumikie bwana wake maisha yake yote. Kutoka kwake hadi kwa Obama ni vizazi 13.

Ripoti hiyo, pamoja na nyaraka zilizo nyuma yake, nimeisoma na kuirudia kama mtu anayesoma habari za wazee wake mwenyewe, ingawa sina undugu wowote na watu hao. Nilikulia Mombasa, katika nyumba ambamo mtoto alifundishwa jina lake kwa mnyororo wa "bin", fulani bin fulani bin fulani, mpaka babu wa saba. Upande wa mama yangu nafika kwa bibi yake na kukwama. Nikiuliza mama wa bibi huyo alikuwa nani, naambiwa "alikuwa mtu wa Lamu," kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Ndiyo sababu ukoo wa Bunch, ambao watafiti hao wanauunganisha na John Punch, umenishika. Njia yake ya mwisho ya kumfikia Obama imepita mikononi mwa wanawake, na bado watu wameweza kuifuata.

Kazi ya nasaba huanzia kwa aliye karibu na kurudi nyuma hatua moja moja, kila hatua na karatasi yake. Stanley Ann Dunham, mama yake Obama, alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1942. Mama yake ni Madelyn Payne, aliyezaliwa mwaka 1922 katika mji mdogo wa Peru, Kansas. Huyu ndiye bibi aliyemlea Obama kule Hawaii na kufariki kabla tu ya siku ya uchaguzi wa 2008. Mama yake Madelyn ni Leona McCurry. Mama yake Leona ni Margaret Belle Wright. Mama yake Margaret ni Frances Allred. Mama yake Frances ni Anna Bunch. Ni wanawake sita mfululizo, mama baada ya mama, na kila mmoja amezaliwa na jina la ukoo lisilo la mwenzake: Dunham, Payne, McCurry, Wright, Allred, Bunch.

Anayejua kazi hii ataona ugumu wake mara moja. Mwanamke wa Kimarekani wa karne ya 19 alipoolewa alichukua jina la mumewe, na toka siku hiyo sensa, kodi na kanisa vikamjua kwa jina jipya. Ukimkosa kwenye cheti cha ndoa umempoteza. Inabidi umtafute kwa mlango wa nyuma: wosia wa baba unaomtaja "binti yangu Anna" pamoja na jina la mkwe, cheti cha kifo cha mtoto kinachoandika jina la mama kabla hajaolewa, kaburi la mzee wa ukoo mwingine ndani ya shamba la mkwe wake. Karatasi moja haitoshi. Mbili zinazokubaliana, ambazo hazikunakiliwa moja kutoka kwa nyingine, ndizo zinazompa mtu usingizi.

Sensa ya Marekani husaidia, lakini ina mipaka ambayo mgeni hujigonga nayo. Ni kuanzia mwaka 1850 tu ndipo kila mtu huru katika nyumba aliandikwa kwa jina lake. Kabla ya hapo aliandikwa mwenye nyumba, na wengine wote, mke, watoto, wazee, wakawa tarakimu ndani ya visanduku vya umri. Uhusiano wa kila mtu na mwenye nyumba haukuandikwa mpaka sensa ya 1880. Ile ya 1890, ambayo ingeunganisha vizazi viwili vya watu waliokuwa wakihamia magharibi kwa wingi, karibu yote iliharibika katika moto uliotokea Washington mwaka 1921. Na sensa hufungwa kwa miaka 72 ili kulinda siri za walio hai; ya 1940 ilifunguliwa Aprili 2012, miezi michache kabla ya ripoti hii kutoka.

Kitu kingine kilichomo katika sensa zile ni safu ya rangi. Ukoo wa Anna Bunch, uliotoka Virginia ukapita Tennessee mpaka Arkansas, umeandikwa kama ukoo wa Wazungu. Karani aliyepita mlangoni aliona Wazungu, majirani waliona Wazungu, na nina hakika wenyewe pia walijiona hivyo. Upande wa babu yake Obama mzaa mama, yaani Stanley Dunham, yupo hata mtu aliyemiliki watumwa: George Washington Overall wa Kentucky. Katika orodha ya watumwa ya mwaka 1850 ameandikiwa wawili, msichana wa miaka 15 na mwanamume wa miaka 25. Majina yao hayapo. Orodha ile ilikuwa na jina la mmiliki, na kwa mtumwa umri, jinsia na rangi. Nimeiangalia mistari ya namna hiyo na sijaizoea: mtu mzima, mwenye mama na baba, amefanywa tarakimu 25 na herufi moja. Kwa hiyo ndani ya nyumba ya mama mmoja tunakuta damu ya aliyetumikisha na damu ya aliyetumikishwa, na kwa muda mrefu ni ile ya kwanza pekee iliyokuwa na karatasi.

Baba yake Anna ni Nathaniel Bunch, na kuanzia kwake jina linatulia: ni Bunch mwana wa Bunch hadi katikati ya karne ya 17. Mtu angedhani kazi inakuwa rahisi hapo. Kinyume chake, ndipo tunapoingia kwenye kile ambacho watafiti wa Virginia hukiita kaunti zilizoungua.

Ukoo ulikuwa na ardhi katika kaunti za New Kent, Hanover na Louisa. New Kent ndiyo mama: Hanover ilimegwa kutoka kwake, na Louisa ikamegwa kutoka Hanover mwaka 1742. Mwaka 1787 mtu mmoja aitwaye John Price Posey alichoma jela ya New Kent pamoja na ofisi ya karani wake. Alinyongwa mwaka uliofuata, lakini mikataba, wosia na kesi za zaidi ya karne moja zilikuwa zimeshakuwa majivu. Hanover nayo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipeleka madaftari yake Richmond yakahifadhiwe salama. Richmond ikaungua Aprili 1865, na yale yaliyopelekwa kwa usalama yakateketea huko huko. Louisa ilibaki na yake. Mtu akitaka kuelewa kwa nini nasaba nyingi za kusini mwa Marekani hukatika ghafla karne ya 18, asitafute siri ya ukoo kwanza, atafute tarehe ya moto.

Kilichookoka ni kile kilichoandikwa mahali pengine. Hati za kugawa ardhi hazikuwa mali ya kaunti, zilikuwa za ofisi ya koloni, na vitabu vyake viko leo katika Maktaba ya Virginia, Richmond. Hati hizi ni hazina. Koloni lilikuwa na utaratibu wa kumpa ekari 50 kila aliyelipia nauli ya mtu mmoja kuja Virginia, na mara nyingi majina ya hao walioletwa yaliandikwa chini ya hati. Humo humo ndimo tunamkuta John Bunch mnamo 1662, akipata ekari 450 New Kent. Ekari 450 si kiwanja cha mtu maskini. Huyu ni mtu huru, mwenye shamba, na ndiye baba wa ukoo wote.

(Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe: mpaka mwaka 1752 Waingereza walianza mwaka mpya Machi 25. Hati ya Februari au mwanzoni mwa Machi inaweza kuonekana ya mwaka mmoja huku kwa hesabu yetu ni ya mwaka unaofuata. Wengi wamemwozesha mtu kabla hajazaliwa kwa kutolijua hilo.)

Kwa karatasi hizi peke yake John Bunch angebaki kuwa Mwingereza mmoja kati ya maelfu. Kinachovunja picha hiyo kinatokea mwaka 1705. Mwaka huo John Bunch wa kizazi cha baadaye alitaka kumwoa Sarah Slayden, mwanamke Mzungu. Mchungaji wa parokia ya Blisland akakataa kuwafungisha ndoa. Sheria ya 1691 ilikuwa imepiga marufuku ndoa ya Mzungu na Mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu, na Mzungu aliyekaidi alifukuzwa koloni. John na Sarah hawakunyamaza. Walipeleka malalamiko yao hadi kwenye Baraza la Gavana. Hoja ilikuwa nzito na rahisi kueleweka: baba yake Bunch ni chotara na mama yake ni Mzungu, je, yeye mwenyewe ni chotara kwa mujibu wa sheria? Mwanasheria mkuu wa koloni, Stevens Thompson, aliulizwa, na yeye pia hakuwa na uhakika kama mtoto wa namna hiyo anaweza kuitwa chotara.

Nawaona wazi watu hawa wawili kuliko wote katika nasaba hii. Wamesimama mbele ya mchungaji aliyewabatiza majirani zao, wanakataliwa, na badala ya kutorokea kaunti nyingine wanaenda kwa gavana. Majirani walijua asili ya John. Mchungaji alijua. Ingekuwa vinginevyo, swali lisingeulizwa. Hiyo ndiyo thamani ya karatasi ile kwa mtafiti: inatuambia kwamba mwaka 1705, katika kaunti ile ile ambako ekari 450 ziliandikwa, ukoo wa Bunch ulijulikana kuwa na damu ya Kiafrika.

Vuli ya mwaka huo huo bunge la Virginia likalifunga suala. Sheria mpya ilisema chotara ni mtoto wa Mhindi Mwekundu, na mtoto, mjukuu au kitukuu cha Mweusi. Kilembwe hakutajwa. Kwa maneno mengine, kizazi cha nne kutoka kwa Mwafrika, kikiendelea kuoa na kuolewa na Wazungu, kiliweza kuingia katika Uzungu kwa mlango wa sheria yenyewe. Ukiuliza ukoo wa Anna ulifikaje Arkansas ukiwa wa Kizungu, jibu kubwa liko hapo. Matawi mengine ya Bunch yalichukua njia tofauti. Wapo waliokwenda Carolina na kuandikwa huko kuwa watu huru wa rangi, yaani wasio watumwa lakini wasiohesabiwa Wazungu, na jina la Bunch limo pia miongoni mwa zile jamaa za milima ya Tennessee ziitwazo Melungeon, ambazo kwa vizazi vingi zilieleza weusi wao kwa kusema wana asili ya Wareno au ya Wahindi Wekundu.

Paul Heinegg, mtafiti aliyetumia miaka mingi kupekua orodha za kodi na madaftari ya mahakama za Virginia na Carolina, alikuwa ameshaitaja familia ya Bunch kuwa ya mchanganyiko kabla ya ripoti ya 2012. Matokeo yake makubwa yaliwashangaza wengi: familia nyingi za Waafrika huru wa enzi ya ukoloni zilitokana na wanawake Wazungu waliozaa na wanaume Waafrika, wengi wao wakiwa watumishi katika mashamba yale yale. Picha tuliyozoea ni ya bwana Mzungu na mtumwa wa kike. Hiyo nayo ilikuwepo, kwa ukatili wake wote, lakini watoto wake walibaki watumwa. Waliozaliwa huru walikuwa na mama huru.

Kisha ikaja DNA. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, vivyo hivyo jina la ukoo. Kwa hiyo wanaume walio hai leo wenye jina Bunch, ambao nasaba zao kwenye karatasi zinarudi kwa John wa 1662, walipimwa. Matokeo: wanashiriki babu mmoja, na kromosomu yake ni ya kundi liitwalo E1b1a, lililoenea Afrika Magharibi na kwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Ndilo kundi ambalo wanaume wengi wa Tanzania, Kongo na Kenya wangelikuta wakipimwa leo. Wapo waliopimwa ambao maisha yao yote walijijua kuwa Wazungu.

Obama mwenyewe hawezi kupimwa kwa njia hii. Kromosomu Y yake ilitoka kwa baba yake Mjaluo, kwa hiyo haisemi lolote juu ya Bunch. Alichorithi kwa mstari wa mama tupu, vinasaba vya mitokondria, vinatoka kwa Anna na kupitia wale wanawake sita, lakini Anna alivipata kwa mama yake, si kwa baba yake Bunch. Ndiyo maana nasema karatasi za wanawake ndizo zilizoibeba kazi hii. Maabara ilithibitisha kwamba Bunch wa kwanza alikuwa na damu ya Kiafrika upande wa baba. Kwamba Obama ni Bunch, hilo lilithibitishwa na vyeti vya ndoa na wosia.

Sasa turudi 1640. Shamba ni la Hugh Gwyn, mtu mkubwa wa kaunti ambayo baadaye iliitwa York. Watumishi wake watatu walitoroka kwenda Maryland, wakakamatwa na kurudishwa. Mmoja ni Mholanzi aitwaye Victor, wa pili ni Mskoti aitwaye James Gregory, wa tatu ni John Punch. Julai 9, 1640, Mahakama Kuu ilitoa hukumu. Wote watatu wachapwe viboko 30. Mholanzi na Mskoti wamalize muda wa mikataba yao, ile iliyomfunga mtumishi kwa bwana wake kwa miaka maalumu, waongezewe mwaka mmoja kwa bwana wao, na kisha miaka mitatu kwa koloni. Halafu unakuja mstari wa tatu: huyo wa tatu, akiwa Mweusi aitwaye John Punch, atamtumikia bwana wake huyo au wale atakaowapa haki hiyo, kwa muda wote wa maisha yake, hapa au penginepo.

Wametoroka pamoja, wamekamatwa pamoja, wamepigwa viboko idadi sawa. Tofauti pekee ambayo mahakama yenyewe imeitaja ni kwamba mmoja ni Mweusi. Hata mtindo wa sentensi umebadilika: wale wawili wametajwa kwa nchi zao, huyu kwa rangi yake. Wanahistoria wengi huichukua hukumu hii kuwa mara ya kwanza kwa mtu, katika makoloni ya Kiingereza ya bara la Amerika Kaskazini, kuandikwa mtumishi wa maisha. Tuwe waangalifu na neno "kwanza" hata hivyo. Wahispania walikuwa wameshatumikisha Waafrika katika bara lile miaka mingi kabla, na mwezi huo huo wa Julai, katika kesi nyingine ya watoro Virginia, Mwafrika aitwaye Emanuel alihukumiwa viboko 30, kuchomwa herufi R shavuni na kufanya kazi akiwa na pingu mwaka mmoja au zaidi, bila kuongezewa muda wowote wa utumishi. Wengi wanaona hakuongezewa kwa sababu tayari hakuwa na muda wa kumaliza.

Kitabu asilia cha Mahakama Kuu nacho kiliungua Richmond mwaka 1865. Tunachosoma leo ni nakala zilizochukuliwa kabla ya moto ule. Kama si mtu aliyekaa na kunakili, jina la John Punch lisingekuwepo duniani.

Na hapa lazima niseme wazi jambo ambalo magazeti mengi yaliliruka. Hakuna karatasi inayosema John Bunch ni mwana wa John Punch. Haipo. Watafiti wa 2012 hawakudai kuwa ipo. Walisema ni jambo lenye uwezekano mkubwa, na wakampelekea hoja yao Elizabeth Shown Mills, mmoja wa watu wanaoheshimika zaidi Marekani katika taaluma ya nasaba, aikague. Hoja yenyewe inasimama hivi. Bunch wa kwanza, aliyezaliwa miaka ya 1630, alikuwa na baba Mwafrika. Hilo linatoka kwenye DNA. Waafrika Virginia wakati huo walikuwa wachache mno: hesabu ya watu ya mwaka 1625 iliwapata 23 tu, na kufikia 1640 hawakuzidi mia chache, wengi wao wakiwa na majina ya Kireno au jina moja tu. Mwafrika mwenye jina linalokaribia Bunch ni mmoja anayejulikana, naye aliishi York. New Kent, alikopata ardhi John Bunch, ilimegwa kutoka York mwaka 1654. Na P na B, kwa karani wa karne ya 17 anayeandika kwa kusikia, zilikuwa zikibadilishana kila siku.

Mimi naikubali hoja hiyo. Naikubali kama ninavyokubali ushahidi wa watu kadhaa wasiojuana wanaosimulia jambo moja. Ila sitamwandika John Punch kwenye mti wa mtu kwa wino ule ule ninaoandikia Anna Bunch. Kwa Anna nina karatasi, kwa Punch nina hoja nzuri. Katika nasaba tofauti hiyo ni kubwa, na mtu anayeificha anawakosea wale wanaokuja baada yake, maana watajenga juu ya alichoandika bila kujua kilichokuwa jiwe na kilichokuwa udongo.

Kuna mtu mwingine ambaye hana hata jina. Kama John Bunch alizaliwa miaka ya 1630 na baba Mwafrika, na mwaka 1662 ni mtu huru anayeandikiwa ekari 450, basi karibu kwa hakika mama yake alikuwa mwanamke huru wa Kizungu, pengine naye mtumishi wa mkataba katika shamba la jirani. Kumbuka Desemba ya mwaka huo huo wa 1662 bunge la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, awe huru au mtumwa. Kabla ya hapo, kwa mila ya Kiingereza, mtoto alifuata baba. Ndivyo Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mwanamke Mwafrika, alivyoshinda uhuru wake mahakamani mwaka 1656. Sheria ya 1662 iliuziba mlango huo. Toka siku hiyo uhuru au utumwa wa kila mtoto wa Kiafrika Virginia ulitoka tumboni mwa mama.

Kwa hiyo mwanamke huyu ndiye aliyeamua kila kitu. Ardhi, ndoa ya 1705 iliyopiganiwa, safari ya kwenda Tennessee na Arkansas, wanawake sita waliofikisha damu hiyo Kansas, vyote vinasimama juu ya hali yake yeye. Na kwenye madaftari yote hayupo. Tuna jina la bwana aliyemmiliki Punch, la Mholanzi aliyetoroka naye, la mwanasheria mkuu wa 1705, hata la mtu aliyechoma ofisi ya karani. La mama hatuna. Mara nyingi nimejikuta nikisoma orodha za watumishi wa kike walioshtakiwa York kwa kuzaa nje ya ndoa, nikitafuta mwenye mtoto aitwaye John. Madaftari ya York yamehifadhiwa karibu yote kuanzia mwaka 1633, bahati ambayo kaunti nyingi za Virginia hazina, kwa hivyo si kazi ya ndoto. Ni kazi ya subira na mwandiko mbaya.

Tawi moja la ukoo huu lina uzito wa pekee kwetu sisi tunaosoma Kiswahili. Wapo watafiti wa nasaba wanaoamini kwamba Bunch waliokwenda South Carolina ndio waliomzaa, vizazi vingi baadaye, Ralph Bunche, aliyezaliwa Detroit na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950 kwa kusuluhisha Israeli na nchi za Kiarabu. Bunche huyo, akiwa London mwaka 1937, alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata alikuwa Kenya, akiishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wakikuyu. Kama nasaba hiyo ni ya kweli, basi kabla Barack Obama Mkubwa hajapanda ndege kwenda Hawaii, ukoo wa John Punch ulikuwa umeshafika Kenya na kuamkia watu kwa lugha yao.

Lakini tawi hilo halijafungwa. Kati ya Bunch wa South Carolina na Bunche wa Detroit kuna vizazi vinavyohitaji hati za ardhi, orodha za kodi za watu huru wa rangi na rejista za makanisa, na hizo nyingi zipo katika miji ya Columbia na Charleston, South Carolina, baadhi zimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Kromosomu Y ingesaidia pia, maana jina hilo limepita kwa wanaume. Akitokea mwanamume mmoja wa mstari huo atakayekubali kupimwa, na matokeo yake yakilinganishwa na yale ya Bunch wa Virginia, tutajua upande mmoja wa jibu.